Kipima umbali kwa mtu wa milimani: maoni kutoka Runyenjes

Kwenye kasha la kipima umbali cha leza, karibu kila mara pana picha ya kulungu dume mwenye pembe za matawi, na kando yake tarakimu nene: yadi 800, yadi 1,000, yadi 1,500. Kifaa chenyewe hutosha kwenye kiganja cha mkono. Kilianza kuwafikia wanunuzi wa kawaida katika miaka ya 1990, na soko lake kubwa hadi leo ni wawindaji wa upinde na wa bunduki, pamoja na wacheza gofu.

Huku Runyenjes, Embu, hakuna anayeruhusiwa kukitumia kumwinda kulungu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza kamba zaidi: haitaki uwindaji wa burudani, haitaki uwindaji wa kitoweo, haitaki biashara ya nyama ya porini. Pongo akitoka msitu wa Mlima Kenya na kuingia kwenye maharagwe yako, yeye bado ni mali ya taifa. Mimi naunga mkono marufuku hayo, na nalisema mapema ili msomaji asidhani makala haya ni mlango wa nyuma wa kumfikia mnyama.

Lakini vipima umbali vinafika huku. Vijana wanaviagiza kwa simu, na sababu zao ni njema: kuna anayenunua miti ikiwa imesimama, kuna anayesaidia kulinda ukingo wa msitu, kuna anayetaka kujua urefu wa bomba la maji kutoka mtoni hadi shambani kabla ya kwenda kulinunua. Wote huuliza swali lile lile la mwindaji asiye na fedha nyingi: kipi cha bei nafuu kitanifaa? Na wengi hudanganywa na tarakimu zile za kwenye kasha. Mtu wa Runyenjes akiwa na shilingi chache za kutumia, asizitumie kununua mita nyingi. Azitumie kununua kifaa kinachojua mteremko.

Mwenye kuijua barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hahitaji maelezo marefu. Inapita kwenye mbavu za mlima, inashuka kwenye mto, inapanda, inashuka tena, hadi Thuci na upande wa pili ni Tharaka-Nithi. Juu kabisa, kupakana na msitu, ni chai, na kiwanda cha Rukuriri kipo huko. Katikati ni kahawa na makadamia. Ukiteremka zaidi joto linaongezeka, muguka unatawala, na mbele yako Mbeere inajitandaza. Shamba tambarare la ekari nzima katikati ya Runyenjes ni jambo la nadra. Simama chini ya kilima cha Karue au Kirimiri uangalie mashamba yanavyoning'inia, uniambie utapima nini hapo bila kupanda au kushuka.

Leza inafanya kazi kwa saa. Unabonyeza, kifaa kinatuma mapigo mafupi ya mwanga usioonekana, mwanga unagonga kitu na kurudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda mita 100 na kurudi huchukua chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Kabla ya hapo majeshi yalipima umbali kwa vyombo vya vioo viwili, kama vile vya kampuni ya Barr and Stroud ya Glasgow, na baadhi yake vilikuwa virefu kuliko mtu. Kwamba leo kazi hiyo inafanywa na kidude cha gramu 200 kinachoagizwa kwa simu ni jambo la kushangaza kweli.

Ila mwanga ule unasafiri moja kwa moja, kutoka jichoni hadi kwenye kitu. Ukiwa bondeni ukalenga mti ulio juu ya kilima, kifaa cha bei ya chini kabisa kinakupa urefu wa ule mstari wa mshazari. Kwa kazi karibu zote za hapa kwetu, mstari huo sio unaoutaka. Unautaka ule uliolala chali, kama unavyochorwa kwenye ramani.

Tofauti yake si ndogo. Kwenye mteremko wa digrii 10 huioni sana: mita 100 za mshazari ni mita 98 na nusu za kulala. Kwenye digrii 20 zinabaki 94. Kwenye digrii 30, na miteremko ya namna hiyo tunailima kila siku, zinabaki 87 tu. Kifaa kinachosema "100" kwa sauti ya uhakika kimekukosesha mita 13.

Mpiga upinde na mpiga bunduki wanajali jambo hilo hilo kwa sababu yao. Mvuto wa dunia huuvuta mshale na risasi kwa kadiri ya umbali uliolala, sio ule wa mshazari. Anayelenga juu mlimani au chini bondeni akitumia namba ya mshazari, hupiga juu kuliko alipokusudia. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa wameweka hesabu ya mteremko ndani ya vifaa vyao, na ndiyo maana hesabu hiyo, iliyotafutwa kwa ajili ya mnyama, inamfaa mtu wa mikima na mikaratusi.

Tuangalie mukima mmoja kwa karibu. Huu mti, uliotoka Australia na sasa umezunguka mipaka ya mashamba yetu ya kahawa, mara nyingi huuzwa ukiwa umesimama. Mnunuzi anautazama, anataja bei, mwenye shamba anaongeza, wanakutana katikati. Sasa mnunuzi anakuja na kipima umbali.

"Kijana, hiyo kamera ni ya nini?"

"Si kamera, mama. Inapima mti."

"Mti wangu unapimwa kutoka huko juu?"

Swali la mama ni zuri kuliko anavyodhani. Kijana amesimama upande wa juu wa mteremko wa digrii 20, umbali uliolala kutoka kwake hadi kwenye shina ni mita 18. Analenga ncha ya mti: digrii 25 kwenda juu. Hiyo ni mita 8.4 juu ya jicho lake. Akiongeza urefu wa jicho lake kutoka ardhini, mita 1.6, anapata mti wa mita 10, na bei inatajwa kwa mti wa mita 10. Lakini mzizi wa mti hauko sawa na nyayo zake. Uko chini sana. Akilenga shina pale linapoingia ardhini, kifaa kitasoma digrii 24 kwenda chini, yaani mita 8 chini ya jicho. Jumlisha 8 na 8.4: mti una mita 16 na zaidi. Mama alikuwa anapoteza mita sita za mbao.

Kijana huyo huyo akisimama upande wa chini, kosa linageuka. Ncha iko digrii 50 juu, mita 21.4 kutoka jichoni, na shina linaanza digrii 15 juu ya jicho, mita 4.8. Hapa hujumlishi, unatoa: mita 16 na nusu hivi. Asiyejua angesema mti una mita 23 na angelipia hewa. Kwa hiyo kanuni ni mbili, na zinamfaa muuzaji kama mnunuzi: lenga mara mbili, nchani na shinani, na usikubali kipimo cha mtu aliyelenga mara moja tu. Vipo vifaa vinavyofanya hesabu hiyo vyenyewe, kama Nikon Forestry Pro, ambacho wataalamu wa misitu wanakithamini, lakini bei yake ni mara kadhaa ya vile vya kawaida. Kifaa cha kawaida kinachoonyesha digrii na umbali uliolala, pamoja na simu yenye kikokotoo, kinakufikisha pale pale. Unene wa shina bado utaupima kwa utepe wa fundi cherehani. Leza haina msaada hapo.

Sasa niseme kuhusu mtego ninaouona kuwa mbaya kuliko yote. Nairobi kuna wacheza gofu wengi, na vipima umbali vyao vilivyotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia. Tangazo linasema kifaa kina hesabu ya mteremko. Mnunuzi wa Runyenjes anafurahi. Lakini mteremko wa gofu si mteremko wetu. Mcheza gofu akipiga mpira kupanda kilima anahitaji nguvu zaidi, kwa hiyo kifaa chake kinaongeza mita. Akipiga kushuka, kinapunguza. Umbali uliolala, kinyume chake, siku zote ni mfupi kuliko wa mshazari, uwe unapanda au unashuka. Kifaa cha gofu kikielekezwa mlimani kitakupa namba ndefu kuliko hata ile ya mshazari. Kwa mti au bomba, hiyo ni hasara juu ya hasara. Kama ni cha gofu, hakikisha hesabu yake ya mteremko inaweza kuzimwa na digrii zenyewe zinaonekana kwenye kioo, ufanye hesabu mwenyewe.

Tofauti nyingine kati ya kifaa cha gofu na cha mwindaji iko katika kuchagua kitu. Mwanga ukigonga vitu viwili, tuseme jani lililo mbele na shina lililo nyuma, kifaa kinalazimika kuamua kikupe namba ipi. Cha gofu hupendelea kilicho karibu, kwa sababu bendera iko mbele ya miti. Cha mwindaji hupendelea kilicho mbali, kwa sababu mnyama yuko nyuma ya majani. Katikati ya mibuni na migomba, ukitazama mti ulio ng'ambo ya matuta, utakitaka kile cha mwindaji. Vizuri zaidi ni kile kinachokuruhusu kubadilisha mwenyewe.

Na zile yadi 1,000 za kwenye kasha? Namba hiyo hupimwa kwa kitu kinachong'aa, kama kibao cha barabarani. Kwa mti, toa karibu nusu. Kwa mnyama mwenye manyoya, au kwa jani bichi lililolowa, toa zaidi. Mwanga wa leza nao hutanuka unapokwenda: katika vifaa vingi vya bei nafuu, ukifika mita 300 umekuwa na upana wa zaidi ya nusu mita, kwa hiyo hugonga vingi kwa mpigo. Kisha kuna ukungu. Julai, baridi inapokaa na mlima usionekane kwa siku kadhaa, kifaa kinaweza kupima ukungu wenyewe kikakupa mita 12 wakati unaangalia mti ulio mita 150. Hakijaharibika. Subiri ukungu unyanyuke. Na kwa kazi za Runyenjes, ni mara ngapi utahitaji kuvuka mita 300? Bonde likimalizika umefika kwa jirani.

Ndugu zetu walio mahali ambapo uwindaji ni halali nao wasikilize, maana ushauri kwao unatofautiana kidogo. Tanzania ina uwindaji wa vibali, Uganda iliurudisha kwa majaribio kando ya Ziwa Mburo mwaka 2001, na wapo Wakenya walioko Marekani ambao kila msimu wa kulungu hukata leseni kama majirani zao. Kwa bunduki, risasi ya kawaida ya .308 iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 100 itashuka kama sentimita 10 kwenye mita 200 na karibu nusu mita kwenye 300. Kukosea mita chache si kitu. Kukosea mita 80 ni kumjeruhi mnyama akafie porini. Kwa upinde mambo ni makali zaidi, ingawa umbali ni mfupi. Mshale wa upinde wa kisasa wenye kapi, unaokwenda mita 85 kwa sekunde, ukilengwa kwa mita 30 na mnyama yuko 40, utapita robo mita chini. Mshale wa upinde wa jadi, unaokwenda kama mita 50 kwa sekunde, utapita chini kwa zaidi ya robo tatu ya mita. Mpiga upinde basi atafute kifaa kinachosoma kwa usahihi kuanzia mita tano hadi 60, chenye namba za mwanga mwekundu, kwa sababu alfajiri na magharibi namba nyeusi hazionekani.

Hapa ndipo huwa nawafikiria wazee. Wambeere walijulikana kwa upinde, na jirani zao Wakamba vilevile, na kule Tsavo walikuwepo Wawaata, ambao upinde wao ulihitaji nguvu ya kuvuta inayozidi paundi 100. Sumu ya mshale ilipikwa kutokana na mti wa msunguti, na ilimwangusha hata tembo. Wakati wasimamizi wa mbuga, kina David Sheldrick na Bill Woodley, walipoendesha kampeni dhidi ya ujangili Tsavo katika miaka ya 1956 na 1957, walikiri ustadi wa watu waliokuwa wakiwafunga. Ustadi huo haukuwa wa kupiga mbali. Mwindaji alisoma upepo, akanyata, akakaribia hadi umbali ambao hauna haja ya kupimwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao bado wanawinda kwa upinde, wanafanya hivyo hadi leo. Nasema haya kwa sababu matangazo ya vifaa hivi humfanya mtu aamini kuwa namba kubwa ni uhodari. Waliokuwa mahodari kweli waliufupisha umbali kwa miguu yao.

Turudi kwenye fedha. Kwa dola 100 hadi 150, yaani kama shilingi 13,000 hadi 20,000, utapata kifaa cha Kichina kinachoonyesha digrii na umbali uliolala. Ongeza usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 16, na uyahesabu kabla ya kubonyeza "nunua", si mzigo ukishafika. Ukipanda hadi dola 200 hivi unaingia kwenye milango ya kampuni kama Leupold, Vortex na Bushnell, ambapo vioo ni safi zaidi na dhamana inaeleweka. Chini ya dola 60 mimi singegusa, kwa sababu huko ndiko hesabu ya mteremko hukosekana au huandikwa kwenye kasha bila kuwepo ndani.

Betri inastahili neno lake. Vifaa vingi vya zamani hutumia CR2, betri fupi nene ambayo usitarajie kuikuta kwenye duka la sokoni pamoja na zile za redio na tochi. Cha kuchajiwa kwa waya wa simu kinafaa zaidi huku. Angalia pia kama kinabadilika kutoka yadi kwenda mita: yadi 100 ni mita 91 tu, na ukichanganya vipimo utagombana na mtu aliyekuja na utepe. Kisiwe kinaogopa manyunyu. Ukubwa wa kuvuta picha mara sita unatosha. Zaidi ya hapo mkono ukitetemeka kidogo tu shabaha inaruka.

Kwa walinzi wa kujitolea wa ukingo wa msitu ningetaka kifaa hiki kiwe cha kawaida. Tembo wakionekana jioni karibu na uzio, taarifa inayosema "wako mita 180 kutoka shule, wanaelekea chini" humsaidia afisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kuliko "wako karibu". Usiku macho hudanganya, hofu nayo hufupisha umbali. Ila mtu asiingie nacho hifadhini akiwa na upinde begani halafu aeleze kuwa anapima miti.

Na mipaka ya shamba, hapana. Najua ndiyo hamu ya wengi, hasa familia zinapogawana ardhi baada ya mzee kuondoka. Kifaa hiki kina kosa la nusu mita hadi mita nzima kwa kila kipimo, na kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, mita moja ni ukuta wa mtu. Isitoshe, ramani za usajili zilizotokana na ugawaji wa ardhi ulioanza huku enzi ya mpango wa kikoloni wa Swynnerton wa mwaka 1954 ni za mipaka ya jumla, ile ya ua na mitaro, na kuirekebisha ni kazi ya mpimaji mwenye leseni na afisa wa usajili. Kifaa kinakufaa kujua kabla kama ploti unayoonyeshwa na dalali inakaribia ukubwa anaoutaja. Pima umbali uliolala, maana dalali akikokota utepe juu ya mteremko wa digrii 20, futi zake 100 ni 94 kwenye ramani. Baada ya hapo mwite sorovea.

Kikifika, kipime kabla siku za kurudisha hazijaisha. Tandaza utepe wa mita 30 mahali tambarare, uwanja wa shule siku ya Jumamosi unafaa, uweke kiti mwishoni na ukilenge mara kumi. Namba zisitofautiane kwa zaidi ya mita moja. Kisha nenda kwenye mteremko na utepe huo huo, uelekee upande wa chini, uukaze kutoka jicho lako hadi alama ya shinani iliyo kimo cha jicho, ulenge alama ile ile, na uangalie mambo mawili: mshazari ulingane na utepe, na umbali uliolala uwe mfupi zaidi. Geuka, fanya hivyo ukielekea upande wa juu. Kama hapo namba ya umbali uliolala imekuwa ndefu kuliko utepe, umeuziwa cha gofu. Kirudishe.